Shimo Lililoacha Kunuka

Bondeni, Kyela

Atupele mwanangu,

Nakuandikia ukiwa Ikolo kumuaga bibi yako, na najua atakuchelewesha, maana bibi yako hajui kumuaga mtu bila kumpikia. Nimefurahi. Ungekuwa hapa ungeniuliza naandika nini, ningekuambia kwa mdomo, na kwa mdomo ningelia na jambo lenyewe lingeharibika. Nitaichomeka barua hii kwenye begi lako katikati ya vitenge. Ukiiona usiisome kwenye basi. Isome ukishafika huko Iringa, ukishalala usingizi mmoja, kabla hujaingia kwenye mabanda yao.

Sitakuambia ule nini wala usali wapi. Una akili zako, na ile baridi itakufundisha kuvaa sweta kuliko mimi. Nina neno moja tu. Jumapili, tulipokuwa tunakula, Mama Tusekile alikutania kwamba unakwenda kuajiriwa kunusa mavi ya nguruwe wa watu, mkacheka, kisha mazungumzo yakamwangukia baba yako, kama yanavyomwangukia kila mara jirani yetu huyu akikaa na sisi mezani. Ukasema, huku unamenya ndizi, "Mimi ningebana pumzi. Ningeshuka, ningemshika mkono, ningepanda naye." Ukaendelea kula. Mama Tusekile akaniangalia. Mimi nikainuka kwenda jikoni, ukadhani nimefuata chumvi.

Sikufuata chumvi. Nilikwenda kushika ukuta. Wewe ni msomi wa mifugo, una cheti, wewe ndiye uliyenieleza jina la ile hewa na namna inavyoua. Umeniambia mwenyewe kwamba ikiwa kidogo inanuka yai viza, ikizidi inaua pua kwanza ndipo imuue mtu. Halafu mtu huyohuyo anamenya ndizi na kuniambia angebana pumzi. Na huko unakokwenda umesema sakafu ni ya zege yenye mianya, kinyesi chote kinadondoka kwenye shimo refu kuliko nyumba yetu, na mwenye shamba anajisifu kwamba mgeni akiingia hasikii harufu. Ulilisema hilo kwa furaha. Mimi nywele zilinisimama.

Kwa hiyo nakusimulia yote, kwa mpangilio, kwa sababu siku ile ulikuwa darasa la kwanza na uliloliona uliliona kwa macho ya darasa la kwanza.

Baba yako hakuwa mjinga. Naanza na hilo kwa makusudi, maana nyie mliosoma mna haraka ya kucheka. Wenzake hapa Bondeni walifunga nguruwe kwa kamba mguuni chini ya migomba. Yeye akajenga banda, akamwaga sakafu ya saruji, akaweka mteremko na bomba nene la kupeleka uchafu kwenye shimo alilochimba kwa nyuma, kati ya banda letu na ukuta wa Mama Tusekile. Asubuhi na jioni alimwaga maji ndoo kwa ndoo hadi sakafu inang'aa. Maji ya Kyela unayajua, ukichimba hadi magotini umepata kisima. Watu walikuja kuangalia nguruwe wanaolala pasafi. Nami nilitembea mjini nimeinua shingo, sikufichi.

Kumbe usafi ule ndio uliotuponza. Hakuna aliyetuambia kwamba kinyesi kikavu ni kitu kimoja na kinyesi kilicholowa ni kitu kingine. Kikavu kinakaa tu, kama udongo. Ukikilowesha ukakifungia mahali pa giza, kinaanza maisha yake. Masika ya kwanza maji ya ardhini yalipanda kutoka chini ya shimo, tope likaja juu hadi mdomoni, zito, jeusi, likitoa mapovu makubwa yaliyopasuka polepole hata kama hakuna anayeligusa. Usiku wewe ulikuwa unaniuliza nani anapika nje.

Harufu ikaingia kwenye nyumba za watu. Bondeni siyo shamba, mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Wenzetu wa jumuiya waliacha kuja kusali kwetu, kila wiki kuna sababu. Mama Tusekile alikuwa anauza vitenge vya kutoka ng'ambo, Malawi, na mteja akikinusa kitenge anakirudisha. Basi akawa anatutukana juu ya ukuta kila siku, kwa sauti, bila kuficha. Wengine walinung'unika chinichini. Na baba yako aliwaogopa hao wa chinichini kuliko yeye.

Mbepo unaijua, ingawa rika lako mnaicheka. Mimi nimezaliwa Ikombe, mtoto wa mfinyanzi, na kwetu chungu kikipasuka motoni tunaulaumu moto. Akina baba yako wamelelewa wakijua kwamba majirani wakichukizwa nawe kwa haki, wakakaa wakinung'unika, pumzi ya manung'uniko yao inageuka ubaridi na kuangukia nyumba yako. Ng'ombe anakauka maziwa, mtoto anakohoa. Hawajakuroga, wamechukia tu. Na dawa yake siyo mganga. Dawa yake unawaita, unawalisha nyama, kila mtu anasema kwa sauti kilicho moyoni mwake, na kikishasemwa kimekwisha, ubaridi unaondoka. Siicheki desturi hiyo. Nimeona nyumba nyingi ikiziponya.

Nguruwe jike wetu mkubwa alipoacha kula na kuanza kutetemeka, baba yako hakuangalia shimo. Aliangalia ukuta wa jirani. Akachinja dume, akawaita. Walikaa uani, wakala, na kila mmoja akasema. Zamu ya Mama Tusekile ilipofika akafuta mafuta mdomoni akasema, "Hilo shimo lenu linanuka. Lifukieni." Baba yako akainama, akapiga makofi taratibu kwa heshima, akamshukuru, ndaga, ndaga fijo. Alikuwa na furaha usoni kweli. Usiku ule alilala bila kugeuka.

Hapo ndipo tulipopotea, Atu, na nimechukua miaka kuliona. Aliambiwa jambo la kufanya, yeye akasikia hasira inayotoka. Kwake neno lilikwishatoka, basi limekwisha. Alilolisikia ni hasira tu, maneno yenyewe yakampita. Nami sikuyasikia, nilikuwa nahangaika na masufuria.

Kesho yake, ili wasipate tena sababu ya kunung'unika, akalifunika shimo kwa turubai. Turubai likavimba. Nilikuwa nikipita asubuhi nalikuta limeinuka, mchana limelala, jioni limeinuka tena, na hakuna upepo. Akalikandamiza kwa mawe, likainuka na mawe yake. Akaona haifai, akaleta mbao. Na mbao zina nyufa. Akaniita mimi.

Mwanangu, mimi najua udongo. Najua wa kuchanganya na mchanga kiasi gani usipasuke ukikauka, najua kuusugua kwa jiwe hadi usipitishe hata jasho. Mama yangu alinifundisha hayo kabla hajanifundisha kupika. Nilikanda udongo siku nzima, nikaziba kila ufa, nikasugua na kusugua, na nilipomaliza shimo lilikuwa zuri kama chungu kilichopinduliwa. Baba yako alizunguka akinusa, akacheka, akasema amemwoa mtu na kazi yake.

Harufu ikaisha. Bondeni nzima ikafungua madirisha. Jumuiya wakarudi kusali kwetu, na Mama Tusekile akatundika vitenge vyake kwenye kamba ya karibu na ukuta. Nilisifiwa hadi kanisani. Na ndipo mambo ya ajabu yakaanza.

Kwanza kufuli. Kufuli la banda lilikuwa la shaba, jipya, linang'aa. Likawa jeusi. Nikalisugua kwa majivu, baada ya muda mfupi jeusi tena. Kisha hereni zangu za shaba, zile nilizovaa nikiwalisha nguruwe. Nilizivua jioni nikadhani nimechukua za mtu mwingine. Kisha kuku waliolala juu ya boriti za banda. Tulikuwa tunawaokota asubuhi chini, mmoja mmoja, hawana jeraha, macho wazi. Mchwa wakahama ile nguzo ya nyuma. Nzi wakakosekana. Banda la nguruwe lisilo na nzi, fikiria, na mimi nikamshukuru Mungu.

Kisha nguruwe wenyewe. Wa chumba cha mwisho, kile cha kwenye bomba, tuliwakuta alfajiri wamejipanga kwenye ukuta, wote wameelekea upande mmoja, kila mmoja amechomeka pua kwenye tundu la tofali. Walikufa wamesimama hivyo, wameegemeana. Nimeona watu wangu wakifa, nimeosha maiti za ndugu zangu, lakini kitu kilichonitia hofu maishani ni zile pua. Sikuelewa walikuwa wananusa nini huko nje. Leo najua walikuwa wanatafuta hewa. Ile mbaya ya shimo, niliyoizuia isitoke nje kwa udongo wangu, ilikuwa inarudi kwa bomba, ndani, kimya, usiku.

Baba yako akasema kuna mtu bado ana kitu moyoni. Alisema kala nyama yetu na hajasema kweli. Akaanza kumtazama Mama Tusekile kwa jicho la pembeni. Nami nilianza. Na kila nguruwe alipokufa, baba yako aliniambia niongeze udongo, nami niliongeza.

Nakuja kwenye siku ile. Ilikuwa kiangazi, mchana mkavu, alitaka kulitoa tope alipeleke shamba la mpunga kule Ikolo kabla ya kulima. Akauvunja udongo wangu kwa sururu, akatoa mbao, akachukua mti mrefu akakoroga. Harufu iliyotoka, Atu, ilikuwa kitu cha kukupiga kifuani. Nilikimbia nikatapika kwenye mgomba. Nikasikia madirisha yanafungwa nyumba hadi nyumba. Kisha ikapungua. Alichota kwa ndoo na kamba hadi shimo likabaki na tope la magotini, kamba ikakatika, ndoo ikabaki chini. Akateremsha ngazi.

Alisimama kwenye ngazi, kifua chake kikiwa sawa na ardhi, akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Uso wake ukafunguka kama wa siku ulipozaliwa. Akaniambia, "Mama Atu, hainuki tena. Hata kidogo. Leo wametusamehe."

Akashuka. Hakupiga kelele, hakujishika koo, hakufanya lolote. Alikaa chini kwenye tope taratibu, kama mtu aliyechoka, akaegemeza kichwa ukutani. Nilidhani ananitania. Alikuwa na utani wa namna hiyo.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu, hata Mama Tusekile analijua nusu. Nilibana pumzi. Wazo ulilolitoa Jumapili na ndizi mkononi, mimi nililitoa siku ile. Nilivuta hewa kubwa, nikafunga mdomo, nikashika ngazi, nikashuka hadi kiunoni, nikainamisha kichwa ndani. Nilikuwa na hesabu zangu kamili, nitamshika kwapani, nitamwinua. Kisha nikauona uso wake. Macho yalikuwa wazi yananitazama, na mdomo umeachama kidogo kana kwamba ataniambia kitu. Nikamwita. Huwezi kumwona mtu wako hivyo usimwite, Atu. Mdomo ulifunguka wenyewe, jina likatoka, na pumzi ikaingia mahali pake.

Na hapakuwa na harufu. Hicho ndicho kinachoniamsha mpaka leo. Palikuwa na ubaridi na ukimya mzuri, mwanangu, palikuwa na raha. Hakuna kitu mle ndani kilichoniambia rudi. Nilisahau wewe upo. Nakuandikia hilo kwa aibu, lakini ni kweli. Kwa muda ule sikuwa na mtoto, sikuwa na nyumba, nilikuwa nashuka tu.

Mama Tusekile alikuwa anakuja kugombana. Hakujua habari ya hewa yoyote, alikuja kutukana kwa sababu ya ile harufu ya kwanza, kanga imefungwa kiunoni kwa vita. Alinikuta kichwa kimo shimoni na miguu inalegea. Akanikamata kitenge kwa nyuma, akanivuta kwa mwili wake wote ule, tukaanguka chini. Nilipopata akili nikataka kurudi. Akanikalia. Nilimkwaruza, nikamng'ata mkono hadi nikasikia ladha ya damu. Hakuniachia. Alikuwa ananiambia sikioni, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Atabaki na nani? Atupele atabaki na nani?"

Hapo ndipo ulipoingia na mkoba wako wa shule. Uliona mama yako amelazwa chini, jirani amemkalia kifuani, na baba hayupo. Uliniuliza mwaka uleule kwa nini Mama Tusekile alituzuia tusimtoe baba. Sikukujibu. Ukakua na swali lako, ukalinyamazia, na Jumapili likatoka kwa mlango mwingine.

Mama Tusekile alikataza mtu yeyote kushuka. Vijana walikuja mbio, wawili walikwishavua mashati, akasimama mdomoni mwa shimo na mchi wa kinu, akaapa atampasua kichwa atakayeweka mguu kwenye ngazi. Walimtukana, wakamwita mchawi. Baba yako alitolewa kwa kamba na kulabu za kuopolea ndoo kisimani, kutoka juu, na ilichukua muda mrefu. Wale vijana wawili leo wana watoto wao, na mmoja ndiye atakayekubebea begi lako stendi kesho.

Msibani wakasema ni mbepo yake. Nani alinung'unika kwa sauti kuliko wote? Nani alizuia asiokolewe? Wanawake walimwachia mkeka peke yake. Na mimi, ambaye alama za meno yangu zilikuwa mkononi mwake, niliwaachia waseme. Nilisema pia. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alinibakiza.

Shimo lilifukiwa. Masika yalipokuja pale pakabonyea, maji yakatuama, mapovu yakaanza kupanda tena polepole kutoka chini ya udongo wote ule. Ulikuwa ukitoka shule unakwenda kulala pale kifudifudi, sikio chini. Nilikukuta siku moja nikakuuliza unafanya nini. Ukaniambia ninyamaze, unamsikia baba anapumua. Nilikuchapa. Nilikuchapa sana, na sikukuchapa kwa kosa, nilikuchapa kwa sababu hata mimi nilikuwa namsikia.

Wakubwa wa ukoo walitaka niuze nguruwe wote. Walibaki wawili, majike. Nikakataa, maana ndio waliokuwa ada yako. Lakini shimo jingine sikutaka, na bila shimo kinyesi kitakwenda wapi? Mashineni kwetu kule wanakokoboa mpunga wana milima ya makapi wasiyojua kuipeleka, wanaichoma tu. Nikaomba. Nikajaza banda makapi na maranda ya seremala hadi magotini, nikaacha kumwaga maji. Wiki za mwanzo niliharibu. Niliweka chombo cha maji katikati, wakamwaga, makapi yakalowa, yakaoza, yakanuka kuliko zamani, na Mama Tusekile akapanda juu ya ukuta wake na kunitukana kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikahamisha maji nje ya matandiko, nikainua paa joto litoke, nikawa nageuza pale palipolowa na kuongeza makapi makavu. Nguruwe wakafanya kazi iliyobaki, wanachimba wenyewe kutwa. Mwishoni nilitoa kitu cheusi, chepesi, cha kubebeka kwa mikono, nikakipeleka kwenye mikokoa. Ulisema kinanuka kama udongo baada ya mvua.

Ilibidi uniambie wewe. Mimi pua yangu ilibaki shimoni. Tangu siku ile sijasikia harufu ya kitu, si sabuni, si samaki, si wewe. Kichwa chako cha utoto nilikuwa nakinusa kila jioni kabla hujalala, na ghafla hakikuwa na kitu. Ndiyo maana kila siku nilikuwa nakuuliza, Atu, panasemaje leo? Ulidhani ni mazoea.

Na katika kukutegemea wewe ndipo nikaanza kufikiri. Nikanunua hereni nyingine za shaba, nikazivaa bandani kila siku. Hazikubadilika. Kuku walilala kwenye boriti, wakashuka asubuhi kwa miguu yao. Nguruwe walizaa, hakuna aliyekufa. Na Mama Tusekile alikuwa bado ananung'unika, kuliko zamani, kila siku, juu ya ukuta, peke yake, maana hakuna aliyeongea naye tena. Manung'uniko yalikuwepo, vifo havikuwepo. Nilisimama bandani nimeshika koleo nikaliona hilo lote kwa mara moja, na nikaogopa kuliko siku ya shimo.

Nilizunguka hadi mlango wa mbele wa nyumba yake, nikamkuta anachambua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikapiga magoti tu, nikaushika ule mkono nilioung'ata. Akaniambia niinuke, namkanyagia mchele. Tangu hapo anakula kwetu Jumapili. Mbele ya jumuiya nilisimama nikasema aliyemuua mume wangu ni tope tulilolilowesha wenyewe na udongo niliousugua kwa mikono yangu, na anayebisha aje aniulize. Wengine mpaka leo hawajaamini. Sijali.

Sasa kesho unaondoka na pua yangu inaondoka. Tumeshaongea na Mama Tusekile, atakuwa ananusa kwa niaba yangu na kunitukana panapostahili. Alikubali haraka mno.

Nami nakubakishia lile neno langu moja. Huko utakuwa na watu chini yako. Siku moja pampu itaziba, au koleo litadondoka, au kijana mzuri anayependwa na wote atashuka mara moja tu, na atakaa chini kama amechoka. Harufu itakuwa imekwisha. Wewe utakuwa mdomoni mwa shimo na cheti chako, na kila kitu ulichosomea kitakutoka, na utavuta pumzi kubwa. Najua utaivuta, wewe ni damu yangu. Ukishaivuta, itumie kupiga kelele. Fungua milango, zima mashine, ita watu wenye vifaa vyao, mkalie kifuani yeyote anayetaka kushuka, na akikung'ata mwache ang'ate.

Na usiangalie uso. Usije ukaangalia uso.

Hata kama ni mimi. Nimelifikiria hili tangu Jumapili na nimelipima, nikalia, nikalipima tena. Ukija likizo ukanikuta mimi nimekaa chini ya shimo lolote, macho wazi, nakutazama kana kwamba nataka kukuambia kitu, jua kwamba sina la kukuambia. Yote nimeyasema humu. Kaa juu, Atupele. Niache. Na watu wakikuuliza ni mtoto gani anayesimama kumtazama mama yake, waambie mama yako alikuwa mkorofi, alikukataza kwa mkono wake mwenyewe.

Mama yako